Hodi ya Fundi

Hapa kwetu Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, maji ni mali. Basi sisi mafundi tukiitwa kusakafia nyumba, tusichote pipani kukoroga saruji kabla ya kumwuliza mama mwenye nyumba. Huenda ni ya kupikia hayo, na yameletwa kwa punda. Katika Kumbukumbu la Torati 24:10-11, hata mkopeshaji aliyefuata rehani aliagizwa angoje nje, mwenyewe amletee. Naye alikuwa na haki yake! Sisi je, tulioitwa kazi tu? Tupige hodi, ijapokuwa mlango u wazi. Jioni tuokote misumari yote uani, maana watoto watacheza pale miguu mitupu, sisi tukiwa tumekwisha kulipwa na kwenda zetu.