Taksimu ya Ardhi na Maskani ya Dar es Salaam

Tutazungumza juu ya zile sheria zinazoukata mji mafungu na kuamuru nani ajenge nini na wapi. Na mfano wetu utakuwa Dar es Salaam, ambako jambo hili lilipata nguvu kwa amri ya ujenzi ya Wadachi ya mwaka 1891.

Amri ile iliugawa mji sehemu tatu, na ajabu yake ni kuwa ilishika habari ya jengo kuliko habari ya mwenye jengo. Penye kutakiwa nyumba ya mawe kwa mtindo wa Ulaya, kibanda cha fito na udongo hakikupata idhini. Na kwa kuwa aliyemudu mawe alijulikana, na aliyejengea fito na makuti alijulikana vile vile, watu walibaguliwa pasipo haja ya kuwataja. Waingereza waliowafuata nao waliushika mtindo huo, hata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yakawa majina ya kila siku.

Kule Oysterbay, upande wa Uzunguni, nyumba moja ilikaa katikati ya kiwanja kipana, ilhali Kariakoo, palipokuwa kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanja vilikuwa vidogo, na nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma aghalabu ilihifadhi jamaa kadhaa, kila jamaa chumba chake. Maofisa wa mipango miji huita hali hizo mbili ujazo wa chini na ujazo wa juu. Istilahi baridi kwa jambo lenye historia ya moto.

Leo Kariakoo imepanda maghorofa, na wako wanaolaumu wingi wa watu. Mimi siulaumu wingi, bali naulaumu wingi usiofuatwa na mabomba ya maji machafu wala mkaguzi wa misingi. Jengo lililoporomoka pale Novemba 2024 likaua watu halikuangushwa na idadi ya wapangaji wa mtaa. Na kuukimbia wingi kuna gharama yake: mji hutambaa mpaka Chanika na Mbagala, na mfanyakazi hulipa nauli na usingizi wa alfajiri.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaruhusu matumizi ya ardhi kubadilishwa kwa utaratibu maalumu. Basi kabla ya kupima mashamba mapya huko mbali, afadhali viwanja vipana vya Oysterbay na Masaki, vilivyo karibu na kazi na barabara, vipewe idhini ya nyumba za ghorofa nne au tano, mabomba yakitangulia.