Injini ya Ndege Ikishika Moto

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanakisomo waliohitimu)

Mazungumzo yetu ya leo yametokana na swali. Tulipokuwa tukisoma habari za usafiri, mwenzetu mmoja, mama mkulima, aliuliza hivi: "Gari likishika moto, dereva hulisimamisha kando ya barabara, watu wakashuka. Je, ndege ikishika moto kule juu, rubani atasimama wapi?" Watu walicheka. Lakini swali hili ni zuri, na wanaoendesha ndege wamelifikiria miaka mingi. Tumelitafutia jibu, na hili hapa.

Kwanza tuutazame moto wenyewe. Moto wo wote unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto. Ukiondoa kimoja, moto unakufa. Jiko la mafuta ya taa likianza kuwaka vibaya, mtu mwenye akili hahangaiki na sufuria. Hushusha tambi, ili moto ukose mafuta. Mafuta ya ndege za jeti nayo ni ndugu wa mafuta ya taa, haya haya tunayotia katika koroboi. Kwa hiyo kazi kubwa ya rubani mwenye injini inayowaka ni ile ile ya mama jikoni: kuunyima moto mafuta.

Kazi hiyo hufanywa kwa kipini. Injini imezungushiwa waya maalum wa kupima joto. Joto likizidi kiasi, kengele inalia mbele walipo marubani, na taa nyekundu inawaka kwenye kipini cha injini iliyopatwa. Kila injini ina kipini chake. Rubani akikivuta, bomba la mafuta linafungwa, umeme unaotoka katika injini ile unakatwa, na chupa za gesi ya kuzimia moto zinakuwa tayari. Gesi ikifyatuliwa, inaingia pale pale injini ilipo. Ndugu zangu, kishikeni kipini hiki katika akili zenu, maana habari yetu yote itakizunguka.

Sasa twende uwanjani. Ndege inakimbia juu ya njia yake ili iruke. Kabla ya safari marubani wamepiga hesabu ya mwendo mmoja muhimu. Sisi tuuite mwendo wa kukata shauri. Hesabu hiyo inategemea uzito wa ndege, urefu wa njia, na hali ya hewa ya siku ile. Kengele ikilia kabla ya mwendo huo, rubani anafunga breki na kusimama. Ikilia baada yake, hasimami tena, hata kama moto anauona kwa macho. Njia iliyobaki haimtoshi. Akijaribu kusimama atatoka nje ya uwanja kwa kasi kubwa, na matangi yamejaa mafuta. Ni lazima aruke.

Mtasema, ataruka vipi na injini moja imeharibika? Ataruka. Ndege za abiria zenye injini mbili huundwa kwa namna ambayo injini moja ikifa wakati wa kuruka, ile nyingine inaweza kuipandisha ndege peke yake. Haitapanda kwa nguvu kama kawaida, lakini itapanda.

Haya, sasa ndege imeacha ardhi na kengele inalia. Unadhani rubani anafanya nini kwanza? Wengi wetu tungesema anakimbilia kile kipini. Sivyo. Ananyamazisha kengele ili watu wasikilizane, anapandisha magurudumu, na anaishika ndege iende sawasawa. Basi. Injini ya upande mmoja ikikosa nguvu, ndege inataka kugeukia upande huo, kama mkokoteni unaovutwa na ng'ombe mmoja. Rubani anasukuma kwa mguu kikanyagio cha usukani wa mkia ili pua ya ndege ibaki imenyooka. Mashirika mengi yanakataza kugusa vipini vya injini mpaka ndege ifike juu kiasi cha futi 400, yaani kama meta 120.

Tukisikia hivi roho zetu zinapiga kelele: moto unawaka, na huyu anangoja nini? Lakini ndege iliyo karibu na ardhi, yenye mwendo mdogo na mzigo mzito, inaweza kuanguka mara moja rubani akiiacha kidogo tu. Moto wa injini, kwa kawaida, hauiangushi ndege katika sekunde hizo. Injini nyingi zinaning'inia chini ya bawa, mbali na watu, na kuna kuta za chuma za kuuzuia moto usipenye haraka. Basi rubani anazitumia sekunde chache hizo kununua urefu.

Wakishafika juu ya kutosha, wanagawana kazi. Mmoja anaendesha ndege. Mwingine anashughulikia moto. Hapa ndipo tulipopenda zaidi katika habari hii. Hakuna anayevuta kitu peke yake kimya kimya. Mmoja anaweka mkono juu ya mkono wa nguvu wa injini na kutaja: "Injini namba moja." Mwenzake anatazama mkono ule ulipo, si kusikia tu, ndipo anajibu: "Naam, namba moja." Ndipo nguvu zinapunguzwa. Halafu swichi ya mafuta, kwa maswali na majibu yale yale. Halafu kipini chekundu. Taa ikiendelea kuwaka wanafyatua chupa ya kwanza ya gesi. Katika ndege nyingi wanangoja sekunde 30, na kama taa haijazimika wanafyatua ya pili. Hatua hizi za mwanzo wamezikariri kwa moyo. Baada yake wanafungua orodha iliyoandikwa na kuisoma neno kwa neno, ingawa ni watu wenye miaka mingi kazini. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tulifurahi kusikia hivyo.

Lakini je, tahadhari yote hii ni ya nini? Tuwape habari ya ndege mbili.

Tarehe 8 Aprili, 1968, ndege ya shirika la Uingereza la BOAC, aina ya Boeing 707 yenye injini nne, iliruka kutoka uwanja wa Heathrow, London. Ilikuwa na safari ndefu ya kwenda Australia, kituo cha kwanza Zurich. Ndani mlikuwa na watu 127. Haikumaliza hata dakika mbili angani, gurudumu moja la chuma ndani ya injini namba mbili, bawa la kushoto, likapasuka. Chuma kile kilikuwa kimechoka, kama waya unavyokatika ukikunjwa mara nyingi mahali pamoja. Moto mkubwa ukawaka.

Nahodha wa ndege, Cliff Taylor, kwanza alijua tu kwamba injini imeharibika. Aliamuru kazi ya injini iliyoharibika. Kumbe siku zile kulikuwa na orodha mbili mbalimbali: moja ya injini iliyoharibika, nyingine ya injini inayowaka. Fundi wa safari aliporudisha nyuma mkono wa nguvu, honi ya kuonya juu ya magurudumu ikalia. Wakati huo huo kengele ya moto nayo ikalia. Mikono ikaenda huku na huku kunyamazisha sauti, na kengele ya moto ikanyamazishwa. Fundi alikuwa amekwisha peleka mkono kwenye kipini cha moto, lakini hakukivuta. Mara wakauona moto kwa macho, nahodha akaamuru kazi ya moto. Fundi akaruka kutoka orodha moja kwenda nyingine, na katikati ya orodha hizo mbili kipini kikasahauliwa. Mafuta yakaendelea kumiminika motoni.

Injini ile iliungua mpaka ikakatika, ikaanguka katika shimo lenye maji lililokuwa limechimbwa kokoto. Hata hapo bawa liliendelea kuwaka. Nahodha Taylor aliigeuza ndege kwa mzunguko mfupi na kuitua Heathrow dakika 3 na sekunde 32 tu tangu kuruka. Tusimwonee. Kuitua ndege nzito vile, bawa likiwaka, ni kazi ya rubani hodari, na watu 122 walitoka hai. Watano walikufa.

Mmoja wa hao watano alikuwa mhudumu wa ndege, Barbara Jane Harrison, msichana wa miaka 22. Yeye na mwenzake walifungua mlango wa nyuma, lakini mtelezo wa kushukia ulijipinda. Mwenzake akashuka kuunyoosha, na hakuweza kupanda tena. Barbara akabaki peke yake mlangoni. Aliwasukuma abiria watoke, na wengine akawaelekeza mlango mwingine. Walioko chini walimwona kama anataka kuruka, kisha akageuka akarudi ndani ya moshi. Maiti yake ilikutwa karibu na ya abiria mzee kilema aliyeketi nyuma kabisa. Mwaka 1969 Uingereza ilimpa nishani ya George Cross, ambayo ndiyo heshima yao kubwa ya ushujaa usio wa vitani. Tunamtaja kwa sababu watu wengi hudhani wahudumu wa ndege kazi yao ni kugawa chai. Chai ni kazi ya ziada. Hasa wamefundishwa kutoa watu nje. Kabla aina mpya ya ndege haijaruhusiwa kubeba abiria ni lazima ithibitishwe kwamba ndege iliyojaa inaweza kuachwa tupu katika sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Ndiyo maana wanapiga kelele, "Acheni mizigo!" Mtu mmoja anayevuta kikapu chake anawazibia njia walio nyuma yake.

Baada ya ajali ile orodha mbili ziliunganishwa zikawa moja, ya injini inayowaka au iliyoharibika vibaya. Mtu hahitaji tena kuchagua orodha wakati kichwa kinamzunguka.

Ndege ya pili ni ya Taiwan. Haikuwa na moto, lakini inaonyesha sababu ya kutaja na kujibu. Tarehe 4 Februari, 2015, ndege ya shirika la TransAsia, yenye injini mbili za panga boi, iliruka kutoka Taipei ikiwa na watu 58. Punde si punde injini ya kulia ikaacha kusukuma, kwa hitilafu ndogo ya umeme. Ya kushoto ilikuwa nzima kabisa. Nahodha kwa haraka akashika mkono wa kushoto, akairudisha nyuma injini nzima, na kisha akaizima. Sauti zilizorekodiwa zinaonyesha kwamba mwishoni yeye mwenyewe aligundua ameshika upande usio wake. Hapakuwa na nafasi tena. Ndege iligonga daraja ikaanguka mtoni, karibu dakika 3 tu tangu kuruka. Walikufa watu 43.

Angalieni hapo. Injini moja nzima ilitosha kuwarudisha nyumbani. Walichokosa ni sekunde mbili tatu za mtu wa pili kutazama mkono ulipo na kusema ndiyo au siyo.

Ndiyo sababu marubani hurudishwa shuleni maisha yao yote, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Wanaingizwa katika chumba cha mazoezi kinachofanana kabisa na sehemu ya mbele ya ndege, ila hakiruki. Kinatikisika, kinalia kengele, kinaonyesha moto. Mwalimu anawachomea injini bila kuwaambia ni ipi, wala ni lini. Eti hata waliokaa kazini miaka 30 hutokwa na jasho humo.

Turudi kwa swali la mama yetu. Rubani husimama wapi? Husimama uwanjani, pale pale alipotokea au po pote palipo karibu na panapofaa. Moto ukizimika ana nafasi ya kujitayarisha. Usipozimika anatua upesi awezavyo, hata kama ndege ni nzito kupita kiasi cha kutua. Anapaza sauti kwa redio mara tatu, "Mayday," ili waongoza ndege waziondoe ndege nyingine na kuyaita magari ya zimamoto. Halafu anawaeleza wahudumu mambo manne: kumetokea nini, tunafanya nini, tumebakiwa na dakika ngapi, na kama kuna amri ya pekee.

Tarehe 20 Februari, 2021, jambo hili lilitokea huko Marekani. Boeing 777 ya shirika la United iliruka kutoka Denver kwenda Honolulu, ikiwa na watu zaidi ya 230. Dakika chache baada ya kuruka, panga moja la injini ya kulia lilikatika, tena kwa kuchoka kwa chuma. Mfuniko wa injini ulipasuka, vipande vikaanguka katika mji wa Broomfield, kati ya nyumba za watu. Abiria waliokaa upande ule waliuona moto dirishani. Marubani waliishika ndege kwanza. Kisha wakafuata orodha, wakafyatua chupa zote mbili za gesi, na bado taa ya moto haikuzimika. Waliamua kutomwaga mafuta hewani, kwani hilo lingewachelewesha, wakakubali kutua na uzito mkubwa. Taa ilizimika walipokuwa wamekwisha karibia uwanja. Walitua kama dakika 24 tangu kuruka. Magari ya zimamoto yalikuwa yanangoja, nayo yakamwagia injini maji. Hakuna aliyeumia, angani wala kule chini mjini. Abiria walishuka kwa ngazi, mmoja mmoja, wakapanda basi.