Chenji ya Kompyuta



Tuanze na hesabu ya shule ya msingi. Jumlisha 0.1 na 0.2, halafu ongeza 0.3: kompyuta itaandika 0.6000000000000001. Anza na 0.2 na 0.3, halafu ongeza 0.1: itaandika 0.6. Mashine si mbovu. Namba hizi hazimaliziki zikiandikwa kwa sifuri na moja, kama theluthi isivyomalizika kwa desimali, hivyo kila jumla hukatwa itoshee biti 64. Mpangilio wa kujumlisha, basi, ni sehemu ya jibu.

John Backus na wenzake wa IBM walipotoa Fortran mwaka 1957, hofu yao ilikuwa kwamba programu iliyotafsiriwa na kompaila ikizidiwa mbio na iliyoandikwa kwa mkono, hakuna atakayeitaka. Tamaa ya kasi ni ya tangu hapo. Leo mtumiaji wa kompaila ya GCC huandika -O3, yaani agizo la kuongeza kasi, akaongeza -march=native ili prosesa yake itumike yote. Prosesa yenye AVX hujumlisha namba nne za biti 64 kwa amri moja.

Hata hivyo, kitanzi cha kujumlisha namba milioni hakitagawanywa mafungu manne kwa -O3 peke yake. Wengi huuita msimamo huo wa kompaila uzembe. Mimi nauita uaminifu. Kugawa mafungu ni kuvuruga mpangilio, na ruhusa hiyo huitoa mwenye hesabu, kwa -ffast-math. Anayeandika -Ofast ameitoa pia, pengine bila kujua.

Anayeumia hapo ni William Kahan. Mbinu aliyoichapisha mwaka 1965 hutunza chenji: kinachodondoka jumla inapokatwa hurudishwa kwenye namba inayofuata. Chenji hupatikana kwa (t − s) − y, ambapo s ni jumla ya hadi sasa, y ni namba inayoongezwa, na t ni s + y. Kidato cha pili watakwambia jibu ni sifuri. Kompaila iliyoruhusiwa kutumia aljebra ya kidato cha pili nayo huona sifuri, ikaufuta mstari. Hakuna onyo. Programu inakimbia, chenji imeliwa. Hata ukaguzi wa kunasa NaN, alama ya hesabu iliyoshindikana, waweza kufutwa, kwa kuwa umeahidi haitatokea.

Kabla ya kutoa ruhusa hiyo, tazameni vitanzi. Lugha ya C hupanga matriksi safu kwa safu, na kumbukumbu huletwa kwa vifurushi vya baiti 64, yaani namba nane. Katika kuzidisha matriksi, badilisheni nafasi za vitanzi viwili vya ndani: namba zitasomwa kwa mfululizo, na -O3 itazichukua nne nne. Kila kisanduku cha jibu bado kitajumlishwa kwa mpangilio uleule, hadi tarakimu ya mwisho.