Daktari wa Watoto na Mitungi ya Maji



Mtoto mwenye homa hufika hospitali akiwa mgongoni mwa mama yake. Daktari humpima, humpa dawa, na jina lake huandikwa daftarini. Mtoto wa jirani mwenye homa ile ile, ambaye mama yake amekosa nauli, haandikwi popote. Daktari bingwa wa watoto hufundishwa kwa miaka kumtibu yule wa kwanza. Ni nani atamfundisha kumtafuta huyu wa pili?

Jibu limo katika historia ya Uwanda wa Makonde, ambako Nanyamba ipo. Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo iliwaangusha wakazi wa uwanda huo, wakubwa kwa wadogo. Ikaitwa chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kupindika. Taarifa mbili zilichapishwa mwaka 1955. Daktari Marion Robinson alieleza dalili za wagonjwa, W. H. R. Lumsden alieleza jinsi ugonjwa ulivyoenea miongoni mwa watu na makazi yao. Uwanda ule una shida ya maji tangu zamani. Maji yalifuatwa mbali mabondeni yakahifadhiwa ndani ya nyumba, na mbu aitwaye Aedes aegypti huzaliana katika maji ya namna hiyo. Hadi leo hakuna dawa ya kuviua virusi hivyo mwilini. Mtungi uliofunikwa vizuri humfaa mtoto kuliko sindano.

Aghalabu daktari mwanafunzi hufundishwa kazi ya Robinson zaidi kuliko ile ya Lumsden. Wako wasemao kwamba wodi zimejaa, madaktari ni wachache, na kumtoa mmoja akahesabu mitungi vijijini ni anasa. Hoja hiyo ina uzito. Mama aliye kwenye foleni tangu alfajiri hawezi kuambiwa kwamba daktari amekwenda matembezini. Lakini wodi hizo hujazwa na nini, kama si maji, mbu na njaa za huko huko vijijini?

Tena jambo hili si geni nchini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Mkoani Iringa, kuanzia miaka ya 1983 na 1984, watoto wa vijiji 168 walipimwa uzito, na matokeo yakajadiliwa na viongozi wa vijiji hivyo wenyewe.

Basi daktari huyo apewe majuma kadhaa Nanyamba. Achukue rejista ya kliniki, ya mtendaji wa kijiji na ya shule, azilinganishe, kisha aende nyumbani kwa kila mtoto aliyemo katika moja na kukosekana katika nyingine. Hapo mwalimu wa darasa la kwanza atakuwa mwalimu wake, maana ndiye ajuaye ni nani hakuletwa kuandikishwa, na kwa nini. Na taarifa yake aisome kwanza mbele ya mkutano wa kijiji, kabla hajaipeleka kwa maprofesa wake.