Fuata Mafuta Kabla ya Kununua Spea: Kuchunguza Gari Kuukuu Lisilowaka

Mada kwa mafundi wa gereji na wanagenzi wao, Bomet



Pikapu ikikataa kuwaka kwenye kituo cha kukusanyia chai asubuhi, majani chai hayamngojei fundi. Yanapata joto ndani ya magunia, yanaanza kuwa mekundu, na kiwanda kinaweza kuyakataa. Kwa hiyo mwenye gari hutujia mbio, nasi mbio mbio tunamuuzia pampu. Hata mimi nimelifanya kosa hilo. Nilimbadilishia mzee mmoja pampu ya Peugeot 504, gari likawaka, likafika Silibwet, likazima. Kumbe tundu la hewa la kifuniko cha tangi lilikuwa limezibwa na tope. Tangi halikupumua, mafuta yakashindwa kutoka. Liliwaka gerejini kwa kuwa tulikifungua kifuniko tukiongeza petroli. Mzee alilipia pampu ambayo hakuihitaji.

Tangu siku hiyo nashikilia jambo moja: usinunue spea kabla hujaona kwa macho yako mahali mafuta yanapokomea.

Anza na plagi. Starta ikizungusha injini vizuri na cheche ikiwapo, itazame ncha ya plagi. Ikiwa kavu baada ya kupiga starta mara kadhaa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, yanafika kupita kiasi.

Kama ni kavu, chukua chupa ya kioo. Chomoa waya wa koili ili cheche isipatikane, ondoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, kisha mwenzako apige starta. Pampu hizi za zamani, zinazosukumwa na kemshafti, hutoa mafuta kwa mapigo. Yakiruka kwa nguvu, tatizo liko mbele, kwenye kabureta. Yasiporuka, bado usiihukumu pampu. Fungua kifuniko cha tangi ujaribu tena. Halafu ichomeke pampu kwenye mtungi mdogo wa petroli safi kwa mpira mwingine. Ikivuta kutoka mtungini, haina hatia: tafuta filta iliyoziba, kutu ndani ya tangi, au mpira uliopasuka. Mpira ulio kati ya tangi na pampu huwadanganya wengi kwa sababu hauvuji. Pampu inanyonya, basi ufa unaingiza hewa badala ya kutoa mafuta, na chini ya gari panabaki pakavu kabisa.

Ikishindwa hata kuvuta mtungini, hapo ni diaframu au vali zake. Chomoa kijiti cha oili unuse. Harufu ya petroli maana yake diaframu imeraruka na mafuta yameingia kwenye injini, na oili hiyo lazima imwagwe.

Yaache mafuta yatulie ndani ya chupa. Usiku wetu ni wa baridi, na tangi lililojaa nusu hutoa jasho kwa ndani. Maji yatakaa chini, utauona mpaka wake. Kisha paka tone kwenye kioo: petroli hukauka upesi, lakini iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha utelezi. Uchakachuaji ulikithiri hata serikali ya Kenya ikatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018.

Kwenye kabureta, injini ikiwa imezimwa, toa filta ya hewa na uvute wenzo wa mafuta kwa mkono huku ukimulika koo lake kwa tochi. Usipoona mchirizi wa petroli, huenda sindano ya boya imekwama au kikombe kimejaa uchafu. Safisha jeti kwa upepo, kamwe si kwa waya. Bomet iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja kwa tano. Jeti iliyopanuliwa kwa waya itaizamisha injini kwa petroli.

Kwa diseli nitasema machache. Toa maji yaliyo ndani ya filta, legeza skurubu ya kutolea upepo, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe. Pia sikiliza swichi ya kuzimia iliyo kwenye pampu: ukiwasha ufunguo bila kusikia mlio wake mdogo, diseli imefungiwa hapo hapo.

Wanagenzi, nawasihi: msinyonye petroli kwa mdomo. Ikipita kwenye mapafu inaweza kuua. Wala asivute mtu sigara karibu na chupa hii. Nimekuja nayo, iko hapa mezani, na pikapu isiyowaka iko nje. Twendeni tukaifuate petroli yake.