Kila Kiungo kwa Kipimo Chake

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetutoa katika tone dhaifu akatupa sura, masikio, macho na nyoyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu wa Kibeta, wa Bukoba na Muleba, nanyi mnaotusikiliza majumbani na madarasani:

Khutuba yetu ya leo ni juu ya mtoto aliyezaliwa na umbo lisilo la kawaida, na juu ya mama yake. Mtoto akizaliwa na kidole cha sita, au na kasoro ya uso, au na ngozi isiyo na rangi, mara nyingi swali la kwanza huwa: "Mama huyu alifanya nini?" Wako wasemao alimcheka kilema. Wako wasemao ukoo wake una mkosi. Wako pia waume wanaomrudisha kwao. Yatupasa tutazame jinsi mtoto anavyotengenezwa tumboni, kisha tupime kama maneno haya yana haki ndani yake.

Katika Sura ya Al-Muuminuun tumefundishwa kwamba mwanadamu hupita daraja baada ya daraja, tangu tone hadi umbo kamili. Na katika Sura ya Al-Qamar tumefundishwa kwamba hakuna kilichoumbwa pasipo kipimo. Wataalamu wa elimu ya viumbe nao wamekitafuta kipimo hicho, na sehemu yake wameijua.

Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliokuwa wakifanya kazi Heidelberg, Ujerumani, walitangaza uchunguzi wao juu ya inzi wadogo wa matunda, hawa hawa wanaozizunguka ndizi mbivu. Waliona kwamba jeni moja ikiharibika, kijibuu cha inzi huwa kifupi na tumbo lake hujaa vijimiba, mfano wa kalunguyeye. Nayo jeni wakaipa jina la mnyama huyo. Mwaka 1993 ikatangazwa kwamba wanyama wenye uti wa mgongo nao wana jeni za jamaa hiyo, na mwanadamu anazo tatu. Mwaka 1995 wataalamu hao wawili, pamoja na Edward Lewis wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya jeni zinazoongoza ukuaji wa kiinitete.

Kazi ya jeni hiyo ni kupeleka ujumbe. Mfano wake ni adhana isiyo na kipaza sauti: aliye karibu na msikiti huisikia kwa nguvu, aliye mbali huisikia kwa kufifia. Kadhalika seli fulani za kiinitete hutoa protini, na seli za jirani huipata nyingi au chache kwa kadiri ya umbali wao. Kwa kipimo hicho kila seli hujua itakuwa kiungo gani. Katika mkono unaochipuka, ujumbe hutoka upande wa kidole cha mwisho. Kidole gumba hutokea upande ambao ujumbe haufiki. Ujumbe ukitolewa na upande wa gumba pia, kidole cha ziada huota huko. Ujumbe huo huo husaidia kuugawa ubongo katika nusu mbili na kuyatenga macho mawili, kila moja mahali pake.

Sasa sikilizeni habari ya kondoo. Katika miaka ya 1950, huko Idaho, Marekani, walizaliwa wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Watafiti wa serikali waliwafuata kondoo malishoni kwa miaka mingi, hata wakaujua mmea wa milimani uliokuwa ukiliwa. Kondoo aliyeula siku ya 14 ya mimba ndiye aliyekuwa katika hatari ya kuzaa mtoto wa namna hiyo, na yeye mwenyewe asionekane kuwa na ugonjwa. Sumu ya mmea huo huitwa saiklopamini, na mwaka 1998 ilibainishwa kwamba huifunga njia ya ujumbe tuliousema.

Kwa wanadamu, mwaka 1996 ilithibitishwa kwamba kasoro katika jeni hii yaweza kuufanya ubongo usigawanyike sawasawa, na uso ukaumbika kwa upungufu. Lakini wako wenye jeni hiyo hiyo iliyobadilika nao ni wazima. Huenda alama yao ikawa jino moja tu la mbele katikati ya taya la juu, mahali pa mawili. Mwenye alama hiyo aweza kuwa mama, na aweza kuwa baba. Basi mume amfukuzaye mkewe ajiulize kwanza: je, ana hakika kwamba jambo halikutoka kwake?

Ndugu zetu, ujumbe huu una mlinzi. Juu ya seli kuna protini iliyo kama bawabu. Ujumbe usipofika, yeye hushika mlango ukabaki umefungwa. Katika mtu mzima mlango huo hufungwa sehemu nyingi za mwili. Mionzi ya jua ikimharibu bawabu katika seli ya ngozi, mlango hubaki wazi, nayo seli huzaana pasipo amri. Hivyo ndivyo inavyoanza aina moja ya saratani ya ngozi. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo vismodegibu, inayoifunga njia ile ile iliyofungwa na sumu ya mmea wa Idaho. Dawa hiyo ni haramu kwa mwenye mimba, kwa sababu linalomponya mzee laweza kumharibu mtoto tumboni. Amri ni moja. Heri na shari yake zimo katika wakati na kipimo.

Hapa twawakumbuka ndugu zetu wenye ualbino. Ualbino wenyewe hautokani na jeni hii; hutokana na jeni za rangi, na kwa kawaida mtoto hurithi kwa baba na mama pamoja. Lakini ngozi isiyo na rangi haina kinga ya jua, na saratani za ngozi, hii tuliyoitaja na nyingine iliyo ya kawaida zaidi kwao, huwaua wangali vijana. Nao wana adui wa pili, ambaye ni mwanadamu. Mwishoni mwa Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto wa kike mwenye ualbino, ambaye hakutimiza miaka mitatu, alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwezi Juni mwili wake ulipatikana umekatwa viungo. Walioamini kuwa kiungo cha mtoto ni utajiri walimwamini mganga wakamkana Muumba. Jambo hili lilitendeka katika ardhi yetu, na kila nyumba itaulizwa ilisema nini kabla yake na baada yake.

Basi yatupasa haya. Mume ampeleke mkewe kliniki mapema, na mwenye kisukari aidhibiti sukari yake kabla ya kushika mimba, kwani kisukari kisichotunzwa huongeza hatari ya kasoro hizi. Pombe, ambayo kwetu ni haramu, humdhuru mtoto tumboni. Mwenye mimba asinywe mizizi na majani yasiyojulikana. Mkumbukeni kondoo wa siku ya 14. Mtoto mwenye kasoro asifichwe chumbani. Apelekwe hospitali, kwani yako mengi yanayotengenezeka. Mwenye ualbino avishwe kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yaliyotengenezwa Moshi kwa ajili yao. Akae kivulini darasani na shambani, na kidonda kisichopona kionwe na daktari. Na jirani akisikia mtu anauliza bei ya mtoto wa watu, asilale hata ametoa habari.

Ewe Mola wetu, uliyetupima tungali gizani katika matumbo ya mama zetu, tupe macho ya kuiona kazi Yako katika kila umbo. Wahifadhi watoto wetu, wasitiri mama zao, na utuepushe na dhuluma ya ulimi na ya mkono. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.