Mahali pa Kumbukumbu Pawe Mahali pa Kukaa

Hotuba ya mratibu wa miradi kwa kamati za sharika na wahisani, Lyamkena



Tunawashukuru kwa kufika na upepo huu wa Makambako. Tumekutana kujadili ombi la familia za hapa Lyamkena. Wanaomba mahali pa kuwakumbuka ndugu zao waliofariki kwa UKIMWI, hasa wale waliotutoka kabla ya mwaka 2004, nchi yetu ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Mapendekezo yaliyo mezani ni mawili. La kwanza ni mnara wa marumaru wenye uzio. La pili ni banda la wazi lenye mabenchi na ukuta wa majina, ambapo watu watakutana siku zote. Sisi wa ofisi ya miradi tunaunga mkono la pili.

Kwanza tuungame. Miaka iliyopita sisi wenyewe tulisimamia ujenzi wa jiwe la kumbukumbu katika kijiji kimoja. Tuliweka uzio, tukafunga kufuli, tukamkabidhi mjumbe mmoja ufunguo. Siku ya uzinduzi tulikula pilau na kupiga picha. Tuliporudi baada ya miaka miwili, mjumbe alikuwa amehamia mjini kwa mwanawe na ufunguo ameondoka nao. Majani yalifika kiunoni. Mama mmoja, ambaye jina la mumewe liko kwenye jiwe lile, alituambia, "Baba watoto namsoma kwa kuchungulia."

Kosa halikuwa la fundi. Sisi tuliuliza jiwe litaonekanaje, wala hatukuuliza watu watakuja kufanya nini pale siku ya Jumanne ya kawaida.

Wenzetu wametutangulia katika hili. Jijini Nairobi, bomu la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu zaidi ya 200. Pale ulipokuwa ubalozi wa Marekani pakatengenezwa bustani yenye ukuta wa majina ya marehemu, miti na mahali pa kukaa. Wafanyakazi wa mjini huingia kupumzika mchana. Hata asiyefiwa na mtu siku ile hukaa karibu na majina yale.

Tusiende mbali. Barabara hii ya Lyamkena ukiifuata, ukapita Njombe, itakufikisha Songea. Pale, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60 wa Vita vya Majimaji. Leo pana makumbusho, na kila Februari watu hukusanyika. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba radhi, na wajukuu wa mashujaa wakawepo kumsikiliza. Neno zito kama lile linahitaji mahali ambapo wenye msiba tayari wamezoea kukutana.

Na sisi msiba wetu haujaisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulionyesha kuwa katika mkoa wetu wa Njombe watu wazima 12.7 kati ya kila 100 wanaishi na VVU, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Hakuna mkoa uliotuzidi. Kwa hiyo tukijenga kwa ajili ya waliokufa tu, tutakuwa tumewasahau walio hai.

Tunapendekeza hivi. Banda liwe wazi, ila upande unakotoka upepo uwe na ukuta, maana Juni na Julai hakuna atakayekaa nje kwa heshima ya kumbukumbu peke yake. Mabenchi yawe ya matofali ya kuchoma, yenye mgongo wa kuegemea, kwa sababu wengi watakaokaa ni bibi zetu wanaolea wajukuu. Kusiwe na ngazi, bali mteremko mwepesi wa kupitisha baiskeli ya mlemavu. Paa liwe na mifereji na tangi la maji ya mvua. Choo kisisahauliwe. Milingoti tusipande, inanyonya maji mno. Tupande miparachichi, itupe kivuli, na matunda yauzwe kwa ajili ya ukarabati.

Hapo VICOBA watakutana, wahudumu wa afya watapima, vikundi vya wanaoishi na VVU watakaa bila kujificha, na watoto watasomea baada ya shule. Waislamu, Wakatoliki na wenzetu wa madhehebu mengine nao wamezika, kwa hiyo wawemo kwenye kamati tangu mwanzo. Umiliki wa kiwanja uandikwe pamoja na serikali ya mtaa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

Lililo gumu ni majina. Tukiandika ukutani kwamba hawa walikufa kwa UKIMWI, zipo familia ambazo hazitaleta jina, zikihofia watoto wao watanyooshewa vidole. Tusipoandika, tutakuwa tumeficha tena, kama tulivyoficha makaburini tukisema ni malaria. Tunashauri kila familia ichore jina na mwaka kwenye tofali bichi kabla halijachomwa. Ugonjwa usiandikwe kwenye tofali. Familia ambayo haiko tayari iweke tofali tupu, nalo lihesabiwe. Kisha kila tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, anayetaka kusema asimame aseme, na asiyetaka akae tu na wenzake. Aliye na tofali tupu leo anaweza kuleta lenye jina mwakani, kwa hiyo ukuta uachiwe nafasi.

Wahisani wapendwa, tunaomba mambo mawili. Majina yenu yasiwekwe ukutani. Mtapata risiti, taarifa na shukrani zetu, lakini ukuta ni wa waliofiwa. Pili, sehemu ya mchango iwekwe kando kwa matunzo ya mwaka wa pili na wa tatu, wakati ambapo hakuna tena mgeni rasmi wala picha.

Nanyi wajumbe, mkirudi nyumbani, ulizeni katika kila mtaa: nani atafagia, nani atakuja, na atakuja kufanya nini? Mkituletea majibu hayo, ramani itachoreka. Uzio hatutahitaji, wala kufuli. Yule mama wa kuchungulia naye tumemwahidi kwamba tutarudi kung'oa uzio wake.